Paka, Panya na Majani ya Uani: Sura Moja ya Historia ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuandika ubaoni sentensi mbili hizi: mbuzi hula majani, paka hula nyama. Ni sentensi nyepesi, upatanisho wake wa kisarufi ni safi, na watoto huzikariri bila taabu. Lakini mwanafunzi aliyelelewa Palma, Mocímboa da Praia au kisiwani Ibo, akitulia kidogo, aweza kunyoosha mkono na kusema kwamba paka wa kwao hula nyasi, tena si mara moja wala mbili, na kwamba akisha kula huenda akatapika mbele ya kibaraza, kisha akajilamba na kwenda zake. Mwalimu atamjibu nini? Wengi wetu tumezoea kujibu kuwa paka huyo ni mgonjwa. Jibu hilo ni la haraka, na kama tutakavyoonyesha, si sahihi.

Katika makala haya twakusudia kuitazama tabia hii ya paka kwa jicho la historia, tukiiweka mahali pake: pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka mdomo wa Mto Ruvuma kushuka hadi visiwa vya Kirimba, ambavyo ramani za Kireno huviandika Quirimbas. Tumeichagua pwani hii kwa sababu mbili. Kwanza, huko Kiswahili hukutana na jirani zake Kimwani na Kimakwe, na majina ya mimea na wanyama hayatulii. Jina unalolijua Mtwara huenda lisieleweke Ibo. Pili, ni pwani ambayo katika miaka ya karibuni nyumba nyingi zilihamwa na watu, nyua zao zikabaki na paka, panya na magugu. Swali la kile anachokila paka uani si la mzaha huko.

Tuanze na panya, maana paka hakuja kwa hiari yake. Panya mweusi wa majumbani, yule mwenye mkia mrefu apandaye darini, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Bara Hindi, naye alisafiri na wanadamu katika vyombo vyao. Mabaki yake yamepatikana Unguja Ukuu, katika tabaka za udongo za karne za mwanzo za mji ule, kuanzia yapata karne ya 7 na ya 8. Kila bandari iliyopakua mchele, ngano au tende ilipakua na panya pia, ingawa hakuandikwa katika hesabu ya nahodha. Ghala likiwa na nafaka, panya ana makazi. Na panya akiwa na makazi, paka ana kazi.

Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana baharini kabla miji ya Waswahili haijajengwa. Huko Quseir, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka aliyezikwa katika zama za utawala wa Kirumi, ameviringishwa kitambaa cha sufu, na ndani ya tumbo lake mlikuwa bado na mifupa ya panya weusi kadhaa. Kusini zaidi, katika bandari ya Berenike, limechimbuliwa eneo zima la makaburi ya wanyama la karne ya 1 na ya 2, na wengi mno kati ya waliozikwa humo ni paka, wengine wakiwa wamevishwa ukosi shingoni. Kutoka bandari hizo vyombo vilishuka hadi pwani yetu. Mifupa ya paka imepatikana pia katika miji yetu ya kale, kwa mfano Shanga kisiwani Pate, mji uliochimbwa na Mark Horton katika miaka ya 1980.

Wataalamu wa vinasaba walithibitisha mwaka 2007 kwamba paka wote wa majumbani duniani wametokana na paka wa mwitu wa jamii moja, ile ya Mashariki ya Karibu na Afrika ya Kaskazini. Jamaa yake wa huku kwetu, ambaye kamusi humwita kimburu, angali anaishi porini Msumbiji, na akikutana na paka wa nyumbani huweza kuzaa naye. Jambo hili tutalihitaji mbele: paka wa kibarazani na kimburu wa vichakani ni karibu mnyama yule yule, na matumbo yao ni ya namna moja.

Kuhusu jina, hapa pana jambo la kuwafurahisha walimu wa lugha. Mnyama huyu alifika na watu wa baharini, lakini jina lake halikufika nao. Mwarabu humwita *hirra* au *qitta*, Mwajemi *gurba*, Mhindi *billi*. Sisi twasema paka, na Wanyanja wa Malawi na wa Msumbiji wasema *mphaka*. Yaelekea kwamba watu wa pwani, walipomwona mgeni akishuka chomboni, walimtazama wakaona sura ya mnyama wanayemjua porini, wakampa jina walilokuwa nalo. Ndiyo maana baadaye tukahitaji kusema paka wa mwitu, paka shume na kadhalika, ili kumtenga aliye ndani na aliye nje. Msomaji wa hati za Kireno ajihadhari pia: *gato* ni paka, lakini *gato de algália* si paka hata kidogo, bali ni ngawa, yule atoaye zabadi.

Paka aliingia nyumba za pwani akiwa na heshima ya dini. Msomaji yeyote wa chuoni amepata kusikia habari za sahaba Abu Huraira, ambaye jina lake lina maana ya baba wa kipaka. Na amesikia pia hadithi ya Abu Qatada aliyeinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba mnyama huyu si najisi, maana ni miongoni mwa wazungukao kwetu. Ipo na hadithi ya tatu, kali zaidi, iliyopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim: mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwacha ale *khashash* ya ardhi.

Neno hilo *khashash* ndilo lililotuvuta. Wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni wadudu na vijinyama vitambaavyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika sherehe yake ya kitabu cha Muslim, ataja kwamba wako waliosema maana yake ni mimea ya ardhini, naye ayakataa maelezo hayo na kuyaita dhaifu au kosa. Kwa upande wa lugha hatuna shaka kwamba Nawawi amesema kweli. Paka hawezi kuishi kwa mimea. Hata hivyo twawaonea huruma kidogo wale aliowasahihisha. Huenda walikuwa watu waliokaa uani wakamtazama paka kwa muda mrefu kuliko wenzao. Lililo muhimu kwetu ni kwamba hadithi yenyewe yataja haki mbili: ama umlishe, ama umwachie njia ajitafutie. Katika pwani hii njia ya pili ndiyo iliyokuwa desturi. Methali yetu yasema paka wa nyumba haingwa. Haisemi kwamba hufungwa.

Sasa tushuke Kirimba. Visiwa hivi vilikuwa na biashara yake kabla ya Wareno kufika: vilifuma nguo zilizopendwa sana, zilizotiwa rangi ya nili, kiasi kwamba Wareno wa mwanzo waliviita visiwa hivyo Maluane kwa jina la nguo hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno walikishambulia kisiwa cha Kirimba na kukipora. Baadaye, walipokwisha kukaa, visiwa hivi vilifanywa kuwa chungu cha wengine: nafaka na mifugo yake ilipelekwa kusini kulisha Kisiwa cha Msumbiji, makao ya utawala wao. Ibo ikakua, mwaka 1791 ilimalizwa ngome yake ya São João Baptista, yenye umbo la nyota. Maghala ya Ibo hayakuweka nafaka peke yake. Katika karne ya 18 na ya 19 waliwekwa humo pia watu waliongojea kuuzwa, wengi wao wakipelekwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini, ghuba ya Tungi, ambako leo uko mji wa Palma, ilihesabiwa kuwa chini ya Sultani wa Unguja hadi Wareno walipoitwaa kwa mizinga mwaka 1887.

Pwani ya namna hii, yenye mpunga, mtama na mawele katika kila dari, na maboma ya mawe yenye nyufa, haiwezi kukaa bila paka. Hakuna aliyemnunulia chakula. Alipata kichwa cha samaki wavuvi walipopara, akapata panya usiku, na mengineyo akajitafutia katika ua: mjusi, panzi, na majani. Ua wa nyumba ya pwani si uwanja mtupu. Una kisima au pipa la maji, na pembeni mwake, mahali penye unyevu, ukoka huota mwaka mzima. Hapo ndipo paka huonekana asubuhi, amepinda shingo upande, akikata ubapa wa nyasi kwa magego kama mzee atafunaye mswaki.

Je, ni kwa nini hufanya hivyo? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kukisia. Mwaka 2019 Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza watu 1,021 wenye paka, wote wakiwa ni watu wakaao karibu na paka wao na kuwatazama walau saa tatu kwa siku. Kati ya kila watu 100, 71 walikuwa wamemwona paka wao akila mimea si chini ya mara sita. Ni 11 tu ambao hawakupata kuona jambo hilo kamwe. Watu 91 kati ya 100 walisema kuwa paka wao huonekana mzima kabisa kabla ya kula majani. Waliosema kuwa paka wao hutapika mara kwa mara baada ya kula walikuwa 27 kati ya 100. Kwa hiyo yule paka wa kibarazani, aliyekula akatapika, ni mmoja katika wanne. Watatu waliobaki hula wakaenda zao, nasi hatuwatazami kwa sababu hawakuchafua sakafu.

Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba paka wadogo, wenye umri wa miaka mitatu au pungufu, hula majani kila siku zaidi kuliko wakubwa, lakini hutapika kwa uchache zaidi. Hili lavunja hoja ya wale wasemao kuwa paka hujifunza kula majani ili atapike. Angekuwa anakusudia kutapika, basi angekuwa anashindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Wako wanaoshikilia kwamba ubapa wa nyasi, wenye vimeno vidogo pembeni, humsaidia kuburuta nywele anazomeza anapojilamba. Na si hoja ya kutupwa. Lakini maelezo yaliyowaridhisha akina Hart ni mengine, na yametoka nchi jirani na Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, katika misitu ya magharibi ya Tanzania.

Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika juu ya sokwe wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, waliokuwa wakimeza majani ya *Aspilia* mazima mazima bila kuyatafuna. Majani hayo ni makavu, yana vinywele vikali, hayana ladha ya chakula, na hutoka katika mavi kama yalivyoingia. Miaka minne baadaye, mwezi wa Novemba 1987, Mmarekani Michael Huffman alikuwa Mahale pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mtaalamu wa mimea ya dawa ya kwao. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, asiyetaka kula, akivunja tawi la mti mchungu na kufyonza ute wa ndani. Mtafiti mgeni hakujua maana yake. Kalunde ndiye aliyemweleza kwamba mti huo, ambao Watongwe huuita *mjonso*, ni dawa ya tumbo na ya minyoo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu. Taarifa ya tukio hilo ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili, Huffman na Seifu, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba majani yale makavu yanayomezwa mazima huyasukuma matumbo na kutoka na minyoo hai. Twalitaja jina la Kalunde kwa makusudi. Mara nyingi katika habari za namna hii jina la mwenyeji hupotea, hubaki la mgeni.

Kimburu naye ana minyoo, kwa kuwa hula panya na ndege wabichi. Wazee wake waliokula nyasi matumbo yao yalisukumwa mara kwa mara na minyoo ikapungua; wale wasiokula walidhoofika. Tabia ikarithiwa. Paka wa leo, hata aliye safi na aliyepewa dawa, angali na urithi huo. Hali kama hiyo yaonekana pia kwa mbwa. Si ugonjwa basi, wala si njaa. Ni desturi ya ukoo iliyo kongwe kuliko nyumba zetu. Wala mtu asifahamu kwamba majani yatosha badala ya dawa ya minyoo. Paka mwenye tumbo lililovimba na manyoya yaliyosimama ahitaji mganga wa mifugo.

Kama tabia yenyewe haina ubaya, ubaya wake hutoka wapi? Hutoka katika mimea tuliyoipanda na katika dawa tunazomwaga. Hapa ndipo ujuzi wa majina unapokuwa ni jambo la uhai na kifo, japokuwa ni uhai wa paka. Ukoka ni salama. Majani ya mpunga ni salama, na ya mawele pia. Mtama ni jambo jingine: miche yake michanga, na ile inayochipuka upya baada ya ukame, ina sumu ya sianidi, na wafugaji wajuao huwazuia ng'ombe wasiingie katika shamba la namna hiyo. Paka hali kwa wingi kama ng'ombe, lakini hapana sababu ya kumpandia mtama palipo na mawele. Mchaichai, ambao nyumba nyingi huuweka karibu na jiko, una mafuta makali. Ubapa mmoja hauleti neno, ila akijizoesha tumbo lake huharibika.

Katika ua huo huo imo mimea ya kuogopwa. Majani ya kitunguu na ya kitunguu saumu, mabichi au yaliyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mwenye kumpa paka mchuzi uliobaki na akumbuke hilo. Mnyaa, uliopandwa kuwa wigo, hutoa utomvu mweupe unaochoma macho na kinywa. Mbegu za mbarika huua. Mtapo, ule mmea wa pwani unaofanana na mnazi mfupi, una sumu katika kila sehemu, hasa mbegu. Mababu zetu walizila mbegu hizo wakati wa njaa, lakini baada ya kuzikausha na kuziloweka kwa siku nyingi, na ujuzi huo ulirithishwa kwa uangalifu mkubwa. Paka haloweki.

Tena liko yungiyungi. Neno hili latupa taabu kweli kweli. Kwa watu wa pwani yungiyungi ni ua la majini, lile lieleealo juu ya ziwa na bwawa, nalo halimdhuru paka kwa namna tunayoizungumza. Lakini wafasiri na waandishi wa kamusi wamelitumia neno hilo hilo kwa maua ya bustani ya kigeni, ya jamii ambayo wataalamu huiita *Lilium*. Maua hayo huharibu mafigo ya paka na kumwua katika siku chache, hata kama amelamba vumbi la ua tu au amekunywa maji ya chombo lilimowekwa. Mtu aliyesoma kwamba yungiyungi ni sumu ataling'oa ua lisilo na kosa bwawani. Na mtu ajuaye kwamba yungiyungi halina neno ataliweka lile la dukani mezani. Twaona kwamba kosa la tafsiri laweza kufika mbali kuliko ukurasa.

Dawa za shambani nazo ni hatari. Cabo Delgado ni nchi ya mikorosho kama ilivyo Mtwara, na mikorosho hupulizwa dawa dhidi ya ubwiri unga. Vumbi la salfa, au dawa ya maji iliyotumika badala yake, huanguka juu ya nyasi zilizo chini ya mti. Paka akila nyasi hizo hula na dawa. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kuua magugu iliyomwagwa kando ya njia: nyasi haziwi njano siku ile ile, hukaa kijani siku kadhaa zikiwa na sumu. Hatari ndogo zaidi, lakini yenye mateso, ni ya ubapa wenyewe. Nyasi ndefu ngumu huweza kupanda nyuma ya koo na kukwama puani, paka akapiga chafya na kukohoa kwa siku nyingi. Na vishikizi vya kishonanguo huchoma ufizi.

Tumesema kwamba nyumba nyingi za pwani hii zilihamwa. Mapigano yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2019, mwezi wa Aprili, kimbunga Kenneth kilipiga visiwani na kuezua Ibo. Mwezi wa Agosti 2020 Mocímboa da Praia iliangukia mikononi mwa waasi, na ilikaa hivyo hadi Agosti 2021; Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mwezi wa Oktoba 2020 mashua zilizojaa watu zilifululiza kushuka katika ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba. Mtu akimbiaye kwa mashua hubeba mtoto, chungu na godoro akiweza. Paka hubaki. Naye, tofauti na mbuzi na kuku, hakufa mara moja kwa kukosa mwenyewe, kwa sababu desturi ya pwani haikumfungia. Njia ya kujitafutia ilikuwa wazi.

Tangu mwaka 2022 watu wengi walianza kurejea Mocímboa da Praia na kwingineko, ingawa si wote, wala si kwa amani kamili. Nyumba iliyokaa bila watu huwa ni ya panya, na mwenye nyumba anayerudi na gunia moja la mchele la msaada hawezi kugawana nao. Akinunua sumu ya panya sokoni hatumlaumu. Lakini sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Huzuia damu isigande, panya akadhoofika kwa siku kadhaa, akatembea polepole mchana, na ndiye paka amkamataye kwa urahisi. Paka naye akila panya kadhaa wa namna hiyo huanza kuvuja damu ndani. Siku mbili tatu baadaye huonekana mnyonge, ufizi umepauka, akienda kulala kwenye nyasi. Watu husema: alikula majani yakamwua. Majani hayakumwua. Dawa ipo, ni vitamini K ya mganga wa mifugo, lakini yahitaji kutolewa mapema, na mganga huyo mara nyingi yuko mbali. Hasara ni maradufu, maana panya huzaa upesi kuliko paka, na ghala lililopoteza paka wake litahitaji sumu zaidi mwezi ujao. Mwenye paka ni heri atumie mtego, na aizibe midomo ya mapipa ya nafaka kwa bati.

Katika miji, kwa upande mwingine, tatizo ni la nyumba zisizo na ua. Pemba imejaa watu, na ua uliokuwa wa familia moja umejengwa vyumba vya familia tatu, sakafu yote saruji. Paka aliyefungiwa humo hukosa ukoka, akageukia kile kilicho karibu: ua la chunguni, ufagio, mkeka wa ukindu, hata uzi wa mfuko wa plastiki, ambao ukimezwa hukaza matumbo. Kwa nyumba ya namna hii lipo jambo jepesi la kufanya, nalo lafaa pia kuwa zoezi la darasa la sayansi kimu. Chukua kifuu cha nazi, ukitoboe chini, ukitie udongo usiokuwa na mbolea ya dukani. Loweka punje za mpunga au za mawele usiku kucha, ziwe za chakula, si mbegu za duka zilizopakwa dawa ya rangi, kisha uzitandaze juu na kuzifunika kwa udongo kidogo. Nyunyiza maji kila siku. Baada ya siku saba hadi kumi majani yatakuwa yamefika urefu wa kidole, laini, yasiyoweza kukwama puani. Mwekee paka mahali penye mwanga. Yakianza kuwa njano au kuota ukungu, yamwage na uanze upya. Ni vizuri kuwa na vifuu viwili, kimoja kikila, kimoja kikiota. Atakayekula machache na kwenda zake ni mzima. Atakayekula kwa pupa siku baada ya siku, akatapika kila mara, akakonda, au akatapika damu, huyo si suala la majani tena.

Wenzetu wanaofundisha Palma na Ibo wana kazi ambayo hatuwezi kuwafanyia kutoka mbali: kuuliza kila mmea wa uani huitwaje kwa Kimwani na kwa Kimakwe, na wazee walisemaje juu ya sumu yake, wakati waliorejea wangali wanafyeka magugu na kukumbushana majina. Kuhusu kifuu cha mpunga, paka wengine hukipuuza kabisa na kurudi kwenye ukoka wao wa kale pembeni mwa kisima. Hapo la kufanya ni kuuacha ukoka huo uote, na kumwomba jirani asiupulizie dawa.